Simiti ya kujenga huku pwani, msikimbilie bei tu

Jamani nyinyi mnaojenga Malindi na Lamu, kabla hujalipia simiti soma namba kwenye mfuko. 32.5 ni ya kujengea mawe na kupiga plasta, slebu na nguzo na boriti tia 42.5. Hiyo namba ni nguvu yake ikishafika siku 28, si uzito, maana mifuko yote miwili ni kilo 50 na ndo watu wanapochanganyikiwa.

Dawa za kuchanganya nazo ziko nyingi. Watapruf yazuia maji kupenya, sawa, lakini haitoi chumvi, kwa hivyo ukichota mchanga wa ufuoni ama maji ya kisima cha chumvi ukadhani dawa itakuokoa wajidanganya, chumvi itakula nondo ndani kwa ndani mpaka zege lipasuke lenyewe. Maji yaonje kwanza, yakiwa na chumvi usikorogee. Na ile dawa ya kufanya zege likauke haraka, muulize muuzaji kama ina kloraidi (ndiyo ile ya kwenye chumvi inayokula nondo), ikiwa nayo usiitie penye nondo kabisaa.

Sasa kama nyumba yako ni ya zamani ya mawe ya matumbawe pale mji wa kale Lamu, wacha simiti, rudi kwa chokaa. Ukuta ule watoa unyevu wake polepole, ukiuziba na plasta ya simiti maji yabaki ndani na plasta yamenyuka vipande vipande. Mafundi wazee wayajua haya, vijana ndo wana haraka 😅