Kuvua kolekole na mzia kwa ufito wa tenkara katika maji ya Pemba

Mvuvi wa Pemba anayetumia mshipi wa mkono, akinasa kolekole mwenye nguvu, huuachia mshipi upite vidoleni mpaka samaki apunguze mbio, kisha huurudisha pima kwa pima. Anayetumia ufito wa tenkara hana pima hata moja ya kuachia. Mshipi wake umefungwa kwenye ncha ya ufito, rili haipo, na urefu alioanza nao ndio atakaomaliza nao. Kwa hiyo anayetaka kumvua samaki mkubwa mla samaki wenziwe kwa chombo hiki, inampasa apange mambo mengi kabla ndoana haijagusa maji, na juu ya yote achague mahali ambapo samaki akikimbia, yeye mwenyewe ataweza kumfuata.

Tenkara ni uvuvi wa vijito vya milimani nchini Japani, ambako wavuvi walitumia mianzi mirefu na vichambo vya manyoya viitwavyo kebari kuwavua iwana, yamame na amago, samaki ambao wengi wao hawazidi sentimita 30. Mwaka 2009 Daniel Galhardo alianzisha kampuni ya kuuza fito hizi nchini Marekani, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamezijaribu kwa samaki ambao hazikutengenezewa. Kwetu wazo lenyewe si geni, kwani mtoto anayekaa ukingoni mwa gati na kijiti chenye nailoni ya urefu wa kijiti hicho anavua kwa kanuni ile ile. Kilichobadilika ni ufito: leo hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, vipande vyake huingiana, na ukifunguliwa wote huwa na urefu wa kati ya mita 3.3 na 4.5.

Nisemapo samaki mkubwa hapa, nakusudia kolekole, mzia au pandu wa kilo 1 hadi 3. Kwa mvuvi wa nguru huyo ni samaki wa kawaida, lakini kwenye ufito mwembamba kama huu atakushughulisha kwa mwili mzima. Kolekole wa kilo 10 hafai kutafutwa kwa chombo hiki. Akija bila kukusudiwa, mwachie akate, kwa namna nitakayoieleza mbele.

Ukiweza kuchagua, usinunue ufito laini wa vijitoni. Wajapani wenyewe wanazo fito za honryu, yaani za mito mikubwa, ambazo ni ndefu na ngumu zaidi na zimekusudiwa samaki wenye nguvu. Ukiwa na ufito wa kawaida tu, unaweza kuvua nao, ila uchague samaki wa kilo moja hivi na uwe mwangalifu zaidi katika nailoni.

Nailoni ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote. Mshipi mkuu uwe wa nailoni nene, karibu milimita 0.40, ili uwe na uzito wa kurusha chambo, na urefu wake upungue kidogo kuliko ufito. Mbele yake funga kipande chembamba cha nailoni cha urefu wa mita moja. Kipande hicho lazima kiwe dhaifu kuliko kitu kingine chochote ulichoshika, kwa sababu siku samaki atakapokushinda ni lazima kitu kikatike, na ni bora ikatike nailoni ya bei ndogo kuliko ufito. Kwa ufito wa kawaida, nailoni hiyo isibebe zaidi ya kilo 2.5, kwa ufito wa honryu fuata kipimo alichoandika mtengenezaji.

Namba zilizoandikwa kwenye vibonge vya nailoni madukani hazitoshi kuaminiwa, na kipimo cha nyumbani ni rahisi. Funga nailoni kwenye tawi la mwembe kwa fundo lile lile utakalotumia baharini, baada ya kulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, kisha ning'iniza ndoo tupu uliyokwisha kuipima uzito. Mimina maji kwa kikombe, polepole, ukihesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo nailoni ikikatika unajumlisha maji na ndoo na unapata jibu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nailoni niliyodhani inabeba kilo 4 ilikatika kabla ya kufika 3, na ilikatikia kwenye fundo. Tangu siku hiyo sijapeleka bonge jipya baharini bila kulipitisha kwenye ndoo.

Mzia ana meno yanayokata nailoni nyembamba mara moja, kwa hiyo unapomkusudia yeye weka waya laini wa sentimita 12 hadi 15 kati ya nailoni na ndoana. Waya usizidi hapo, kwani mrefu hupindisha mwendo wa chambo na kuwatia shaka samaki wengine. Nailoni dhaifu ibaki palepale, juu ya waya.

Kebari ya mlimani hufanana na mdudu. Sisi tunahitaji kitu kinachofanana na dagaa. Chukua ndoana namba 2 au 1, ibane kwa koleo penye mkunjo wake mpaka ishikike imara, na uizungushie uzi wa kushonea kuanzia karibu na jicho lake kurudi nyuma. Lazia juu yake singa nyeupe za mbuzi zilizooshwa zikakauka, ziwe na urefu wa sentimita 6 hadi 8, nyingi kiasi cha kujaza nafasi ya njiti mbili za kiberiti na si zaidi. Kaza uzi mara kumi. Pembeni ongeza unyoya mmoja mmoja wa shingo ya jogoo mweupe, mkunjo wake ukitazama ndani, na chini ya koo uzungushe uzi mwekundu mara chache, halafu maliza kwa tone la gundi. Ukikiweka mkononi kikiwa kikavu kitaonekana kinene, lakini kikilowa singa hushikana na kuwa kama samaki mwembamba. Usikitie chubwi. Tenkara hurusha vitu vyepesi, na chambo kizito kitakupiga kisogoni. Jino la ndoana libane kwa koleo mpaka lilale, kwa sababu ndoana ya namna hiyo huingia kwa nguvu ndogo, na nguvu ndogo ndiyo tuliyonayo.

Sasa mahali. Epuka kuta za mwamba wa nje na mapango yake, kwa maana chewa akikubali chambo hapo atarudi shimoni kabla hujainua mkono, na kolekole atavuka ukingo kuelekea kwenye kilindi ambako hakuna mguu wala upondo utakaomfuata. Tafuta uwanja wa mchanga ulio ndani ya mwamba, wenye kina cha magoti hadi kiuno, pembeni mwa mlango ambao maji hupitia. Vijito vya mikoko vya upande wa magharibi ya Pemba navyo ni vizuri, ila simama kwenye mdomo wake palipo wazi, kwani ndani mizizi itakukatia kila kitu.

Wakati unaofaa ni maji yanapojaa. Siku za bamvua katika visiwa vyetu maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi na hujaa mnamo saa 10 au 11 alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufikia karibu mita 4. Maana yake ni kwamba kuanzia saa 8 mchana dagaa na mkizi wadogo wanaingia uwanjani pamoja na maji, na wawindaji wanawafuata nyuma yao wakati jua linapungua ukali. Siku za maji mafu mkondo ni mlegevu na samaki hutawanyika. Mimi siku hizo hubaki nyumbani nikifunga vichambo. Upepo nao una hukumu yake. Wakati wa kusi, upande wa magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe, na wakati wote upepo uwe mgongoni kwako, kwa kuwa mshipi mwepesi hauwezi kushindana nao.

Kabla ya kuingia majini, ujue uko wapi. Bahari ya magharibi ya Pemba, pamoja na kisiwa cha Misali, imo ndani ya Eneo la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba lililotangazwa mwaka 2005, na Misali ina sehemu iliyofungwa kwa uvuvi wa kila aina. Kama wewe si mtu wa kijiji hicho, piga hodi kwa sheha na kwa kamati ya uvuvi, ueleze chombo chako na uulize mipaka na vibali. Vaa viatu vya mpira vyenye soli nene na uburure nyayo mchangani badala ya kuziinua, ili taa aliyejifukia apate nafasi ya kuondoka. Mvua yenye radi ikikaribia, kunja ufito mara moja, kwani kaboni hupitisha umeme.

Rusha chambo mbele ya samaki, si juu yake, kwa mkono mmoja, ufito ukisimama kidogo nyuma ya sikio kabla ya kwenda mbele. Kwa kuwa huna rili ya kuvutia mshipi, mwendo wa chambo hutoka kwenye ncha ya ufito. Ielekeze ncha karibu na maji, ivute kwa upande kama anayefagia, mita mbili kwa haraka, simamisha kwa muda wa kuhesabu moja, kisha fagia tena huku ukirudi nyuma hatua moja. Dagaa anayekimbia kisha akasita ndiye kolekole humrukia. Katika kufagia kote huko ufito na mshipi visiwe mstari mmoja ulionyooka. Samaki akigonga vikiwa vimenyooka, ufito hauwezi kupinda, uzito wote unaangukia nailoni, nayo inakatika kabla hujajua kilichotokea.

Akishika, usiinue ufito juu. Uvute kwa ubavuni, ukiwa umelala karibu usawa wa maji, mpaka upinde kufikia karibu na mpini. Samaki huenda kule kichwa chake kinakoelekea, na mvuto wa pembeni hukigeuza kichwa, ukamlazimisha azunguke duara badala ya kwenda moja kwa moja. Anapozoea upande mmoja, hamishia ufito upande wa pili. Na utembee. Sekunde kumi za mwanzo ndizo ngumu, na katika sekunde hizo wengi husimama wakajikaza, ilhali linalotakiwa ni kwenda alikokwenda yeye, hata kwa mbio, ili pembe ya ufito isifunguke. Mzia hutoka kwa kasi ya kutisha lakini huchoka upesi. Kolekole hatoki kwa kasi ile, bali hujilaza ubavu na kuendelea kusukuma hata unapodhani amekwisha.

Palipo na kina kinachozidi kiuno, mtumbwi mdogo ni bora kuliko miguu, kwa sharti usitiwe nanga. Samaki anayevuta mtumbwi ulio huru anajichosha mwenyewe, na mwenzako mwenye upondo anakuwa ndiye rili yako. Haya nilifundishwa na ami yangu, ambaye hakuwahi kushika ufito wa namna hii ila amevua kwa mshipi maisha yake yote. Siku moja nilimnasa kolekole mdomoni mwa kijito nikaanza kumng'ang'ania, ufito ukilia kwenye maungio. Yeye alikuwa nyuma na upondo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usimvute, mwanangu. Twende naye." Akasukuma mara tatu, mtumbwi ukateleza, nami nikaona ufito unajifungua kidogo na mkono wangu unapata pumzi. Tulikwenda naye kiasi cha pima thelathini kabla ya kumtia chomboni.

Samaki akiwa mkubwa kupita kiasi, uamuzi ufanywe mapema. Geuza uso pembeni, elekeza ufito moja kwa moja kwake na uushikilie mpini, nailoni itakatika. Miwani ivaliwe wakati wote, kwa sababu nailoni ikikatika na chambo kikachomoka, vyote hurudi kwa kasi usawa wa macho.

Kumtoa majini, ngoja mpaka alale ubavu. Peleka ufito nyuma ya bega, si juu ya kichwa, kwani ncha iliyokunjwa kwa ghafla huvunjika, na kwa mkono wa pili mtie kwenye wavu wenye mpini. Hapa ndipo unapoona faida ya mshipi usiozidi ufito: samaki anafika mkononi mwako bila wewe kuugusa mshipi. Usiuzungushe kamwe vidoleni. Kolekole mshike kwa kitambaa pale mkia unapokuwa mwembamba, kwa maana ubavuni mwa mkia ana magamba makali yanayochana kiganja, na ndoana ya mzia itoe kwa koleo ndefu. Wa kuliwa mkate matamvua palepale damu itoke, umweke kwenye barafu. Wa kuachiwa asikae nje ya maji kuliko unavyoweza wewe kuzuia pumzi.

Ukirudi nyumbani, fungua kifuniko cha chini ya mpini, toa vipande vyote, vioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uvianike kivulini mpaka asubuhi. Wakati wa kuukunja ufito huanzwa na kipande kinene kilicho karibu na mpini na kumalizwa na ncha, na wakati wa kuufungua huanzwa na ncha. Vipande vikigandana kwa chumvi au mchanga, usivizungushe kwa nguvu. Vimwagie maji kwenye ungio, shika ufito wima, na ugonge kitako chake polepole juu ya ubao mpaka kipande cha ndani kishuke chenyewe.