Somo: Kufanya menyu ijirudie kwenye programu ya C++

Wengi wanaoanza C++ huandika menyu yao ya kwanza vizuri tu: inatokea, mtumiaji anachagua, kazi inafanyika, halafu programu inajifunga. Akitaka kuchagua tena, inabidi aiwashe upya. Dawa yake ni mzunguko wa do-while. Naupendelea kuliko while ya kawaida kwa sababu menyu lazima ionekane walau mara moja ndipo tuulize kama tunaendelea.

Hatua ya 1. Tangaza variabo (majina yanayohifadhi thamani, hapa chaguo na jumla) nje ya mzunguko. Sharti la while linakaa nje ya mabano ya do, kwa hiyo ukitangaza chaguo ndani, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) itagoma na kusema haiijui.

Hatua ya 2. Weka menyu yenyewe, usomaji wa chaguo (cin) na switch inayochagua kazi kulingana na namba, vyote ndani ya do:

```
#include <iostream>
using namespace std;

int main() {
    int chaguo = 0, jumla = 0;
    do {
        cout << "\n1. Ongeza moja\n2. Onyesha jumla\n3. Toka\nChagua: ";
        cin >> chaguo;
        switch (chaguo) {
            case 1: jumla++; break;
            case 2: cout << "Jumla: " << jumla << endl; break;
            case 3: cout << "Kwaheri" << endl; break;
            default: cout << "Hakuna chaguo hilo" << endl;
        }
    } while (chaguo != 3);
    return 0;
}
```

Usisahau nukta mkato baada ya while.

Hatua ya 3. Endesha programu, kisha badala ya namba andika herufi k. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na naomba usiruke hatua hii. Menyu itamwagika kwenye skrini bila kukoma mpaka ubonyeze Ctrl na C. Kwa nini? cin ilitarajia namba kamili, ikakutana na k, ikashindwa na kuingia kwenye hali ya kosa. Ile k haikuondolewa. Iko palepale ikisubiri kusomwa. Mzunguko ukirudi juu, cin iliyo kwenye hali ya kosa haisomi kitu wala haimsubiri mtumiaji, basi switch inaangukia default, tena na tena.

Badilisha mstari wa cin uwe hivi:

```
if (!(cin >> chaguo)) {
    cin.clear();
    cin.ignore(1000, '\n');
    chaguo = -1;
}
```

clear inaondoa hali ya kosa, ignore inatupa takataka zilizobaki hadi mwisho wa mstari, au herufi 1000, chochote kitakachotangulia. Mpangilio huo usiugeuze: ignore ikitangulia haitatupa chochote, maana cin bado iko kwenye kosa. Ile -1 inampeleka mtumiaji kwenye default, anaambiwa chaguo halipo, menyu inarudi kwa utulivu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nimetumia while(true) na nimeweka break kwenye case 3, mbona haitoki?*

Break iliyo ndani ya switch inakutoa kwenye switch peke yake, mzunguko unaendelea. Weka return 0 hapo, au rudi kwenye sharti la chaguo != 3. Mimi ningechagua sharti, kwa sababu anayesoma msimbo anaona mara moja programu inaisha lini.

*Jumla yangu inasoma sifuri kila nikichagua 2.*

Bila shaka umeandika int jumla = 0 ndani ya do. Kila mzunguko unaianzisha upya. Ihamishie juu.

*Mwalimu, kwangu kutoka ni 0, sio 3. Nikiandika herufi, programu inafunga kimyakimya badala ya kumwaga menyu. Je, bado nahitaji clear na ignore?*

Unazihitaji, ndugu. Tangu C++11, usomaji wa namba ukishindwa kwa sababu ya herufi, variabo inapewa 0. Kwako 0 maana yake ni kutoka, kwa hiyo mtu aliyeteleza kidole kwenye kibodi anafungiwa programu na kazi yake inapotea. Ukiweka kipande cha hatua ya 3 pamoja na ile -1, atarudishiwa menyu.