Ukikamatwa na polisi: fuata hatua hizi, hasa ile ya kusaini maelezo

Kila wiki napigiwa simu ileile, mara nyingi usiku: "Kijana wetu kachukuliwa Mwanjelwa, tufanyeje?" Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Mbeya, na kwa kuwa jibu halibadiliki, naliandika lote hapa. Someni sasa mkiwa mmetulia, kabla difenda, gari la polisi, haijasimama mbele yenu. Mengi yanatoka kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20.

1. Usikimbie, usimsukume askari. Kuzuia kukamatwa ni kosa jingine, hata kama hilo la kwanza hukulitenda.

2. Uliza: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani?" Anatakiwa akwambie. Kama ni askari kanzu, omba kuona kitambulisho, kwa adabu.

3. Taja jina lako la kweli na unapoishi. Maswali mengine hulazimiki kuyajibu.

4. Upekuzi. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Wakija nyumbani, omba kuona hati ya upekuzi (kwenye dharura sheria inawaruhusu kuingia bila hati) na omba mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aitwe ashuhudie. Wakichukua vitu, waandike stakabadhi. Simu mbili ziandikwe mbili, na aina zake.

5. Kaunta. Kabla ya kuingizwa mahabusu, pesa, simu na mkanda viandikwe. Hapohapo omba kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Hiyo ni haki yako, na ukiinyamazia hakuna atakayekukumbusha.

6. Maelezo ya onyo. Hapa ndipo watu wetu wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Askari anapaswa kukuonya kwanza, kwa lugha unayoielewa vizuri, kwamba hulazimiki kusema neno na kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Kama bibi anaelewa Kisafwa tu, onyo la Kiswahili cha haraka haraka halimsaidii. Ana haki ya kuelezwa akaelewa.

Kijana mmoja wa kijiwe cha bodaboda pale Kabwe alikutwa na pikipiki aliyoinunua kwa mtu. Alieleza vizuri tu: niliinunua, huyu ndiye aliyeniuzia. Askari akaandika, kijana akaona maandishi yamejaa ukurasa, akasaini ili atoke haraka. Ndani yake palikuwa na maneno "nikijua kuwa ni ya wizi". Hakuyasema. Lakini saini ilikuwa yake, na kuanzia hapo kazi yote mahakamani ikawa kupigana na karatasi aliyoisaini mwenyewe.

Kwa hiyo: usisaini kabla hujasoma, au hujasomewa, mstari kwa mstari. Penye kosa sema parekebishwe, neno lililokosewa likatwe, nawe utie saini pembeni ya marekebisho. Nafasi tupu iliyobaki chini ya mstari wa mwisho ipigwe mstari wa kuifunga. Kurasa zikiwa tatu, zisome zote tatu. Usikubali kusaini karatasi tupu kwa ahadi ya "tutajaza baadaye". Na ukiambiwa "saini tu, utatoka leo", jua kwamba mahakama inaweza kulikataa ungamo lililopatikana kwa ahadi ya namna hiyo, au kwa vitisho au kipigo. Ukifika mbele ya hakimu, sema. Ukiwa na jeraha, mwonyeshe siku ileile ya kwanza.

7. Dhamana ya polisi ni bure. Mdhamini aje na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Anayetaka "ya maji" anaomba rushwa. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113, haina gharama. Kwa makosa ambayo adhabu yake si kifo, usipopewa dhamana unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 au mapema iwezekanavyo. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.

MASWALI

Dereva bajaji, Mafiati: Mkuu, kumtoa mtu kituoni inaweza kufika shilingi ngapi?
Jibu: Soma namba 7, maneno matano ya kwanza.

Dereva bajaji, Mafiati: Wewe unaongea ya vitabuni. Huku mtaani bila kitu mtu analala ndani.
Jibu: Nimeshinda kwenye kaunta hizohizo miaka mingi, kaka. Wanaolipa wapo, na wanaotoka bila kulipa wapo, kwa sababu mdhamini alikuja na barua mkononi akaomba kuonana na mkuu wa kituo. Ukilipa leo, wa kesho ataombwa zaidi.

Mama Parachichi, Igawilo: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka 16, nilikuja kujua kakamatwa siku ya pili. Ni sawa?
Jibu: Marahaba mama. Si sawa. Mtoto akiwekwa chini ya ulinzi, polisi wanapaswa kumjulisha mzazi au mlezi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka atengwe na watu wazima waliokamatwa. Nenda umwone mkuu wa kituo, uliza alilazwa na nani na maelezo yake yalichukuliwa mbele ya nani. Kama alisaini chochote, mwambie wakili mapema.

Mwanachuo, Iringa: Nimesikia kuna saa nne za kuhojiwa. Zinaanza kuhesabiwa lini?
Jibu: Swali zuri sana. Ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na kuna utaratibu wa kuziongeza. Lakini si kila dakika inahesabiwa. Umekamatwa Chunya ukaletwa mjini, muda wa safari hautiwi ndani. Muda wa kuwasubiri ndugu au wakili uliowaita nao hautiwi. Kwa hiyo kariri saa uliyokamatwa na saa uliyofika kituoni. Wakili akizipata hizo mbili, ana pa kuanzia kama maelezo yalichukuliwa muda umekwisha kupita.

Boda, Uyole: Trafiki kanidai elfu 30 nimpe mkononi.
Jibu: Tangu bajeti ya 2021/22, faini ya bodaboda na bajaji ni 10,000 kwa kosa. Hailipwi mkononi. Anakupa karatasi yenye namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki.

Fundi simu, Sido: Niongezee, simu ikishachukuliwa kaunta, namba za ndugu zinaondoka nayo. Karirini mbili kichwani.
Jibu: Kweli kabisa. Na mwezi wa sita na wa saba anayeleta chakula alete na koti, Mbeya sakafu ya mahabusu ni barafu.

Boda, Uyole: Na pikipiki ya mkononi, nikinunua niandikishane wapi?
Jibu: Kwa wakili au ofisi ya serikali ya mtaa, na kadi ya pikipiki ibadilishwe jina TRA. Chukua nakala ya kitambulisho cha aliyekuuzia.

Fundi simu, Sido: Simu za mtumba vilevile. Mimi sinunui kabla muuzaji hajaandika jina, namba ya kitambulisho na IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe) kwenye daftari, akasaini. Akikataa, aende nayo.