Somo: Namna ya kujitolea kuandika kamusi huru ya Mashi, Kiswahili na Kifaransa

Wenzetu wa Bukavu, salamu. Hapa kwetu mtoto huanza masomo kwa Kiswahili, mara Kifaransa kinaingia na hakitoki tena, na Mashi, lugha yetu ya asili hapa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, inabaki nyumbani kwa bibi. Kamusi ya kumfaa mtoto huyo lazima ishike lugha zote tatu.

1. Pa kuandikia. Kuna Wikamusi, kamusi huru ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri, na kuna leksimu, yaani kurasa za maneno, za Wikidata, hifadhi huru ya data mtandaoni; leksimu zilianza 2018. Mimi napendelea leksimu: neno la Mashi linaingizwa mara moja, maana zake zinaelezwa kwa lugha nyingi. Fungua akaunti, kisha tumia msimbo sahihi wa lugha: Mashi ni shr.

2. Kukusanya maneno. Msianze na herufi A. Wengi huishia hapo hapo A, wamechoka. Anzeni na mada: shamba, ugonjwa, harusi, soko. Nendeni Kadutu, mkae na mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, lakini msimwulize, "Neno hili la Kifaransa mnalisemaje kwa Mashi?" Atawapa tafsiri tu. Mwulizeni, "Mama, mitumbwi ikifika, kazi yako inakwendaje?" Atawaeleza kuanika, kugeuza, kutoa mchanga, zilizoharibika anazipeleka wapi, anavyopima, nyongeza anayomwekea mteja wake wa kila siku, na yule anayekopa asirudi. Mkimwacha aongee Mashi yake bila kumkatiza, mtaondoka na maneno ambayo hakuna aliyeketi ofisini angeyakumbuka. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na nunueni hata sambaza kidogo, jamani.

3. Kuandika ingizo. Ingizo ni neno moja na maelezo yake. Mfano: *omwana*, nomino, wingi *abana*; Kiswahili mtoto, Kifaransa enfant. Halafu sentensi, na iwe ile iliyotoka kinywani mwa msemaji, msiitunge wenyewe. Ingizo lisilo na sentensi mimi nalihesabu nusu.

4. Sauti. Mashi ni lugha ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, maandishi peke yake hayatoshi. Simu inatosha, mradi mko mbali na jenereta na pikipiki. Lingua Libre, tovuti ya kurekodi maneno, hupeleka rekodi moja kwa moja Wikimedia Commons, hifadhi huru ya picha na sauti.

5. Kukagua. Watu wawili wa sehemu mbalimbali, mmoja wa Kabare na mwingine wa Kaziba, kwa mfano. Wakitofautiana, andikeni yote mawili na kutaja mahali. Msianzishe kesi ya nani anasema Mashi safi. Kesi hiyo haina mwisho.

Maswali ya wenzetu

*Mwalimu wa Bagira: Nina kamusi ya zamani ya mapadre. Naweza kuinakili yote?*
Hapana, mwalimu, tazama kwanza mwandishi alifariki lini. Sheria yetu ya haki za mwandishi ya 1986 inalinda kazi yake miaka 50 baada ya kifo. Itumie kukumbuka neno, kisha ufafanuzi uandike kwa maneno yako. Na leksimu za Wikidata ziko chini ya CC0, leseni ya kuachia haki zote: ukishaweka, yeyote anaweza kuchapa, hata kuuza.

*Mwanafunzi wa Ibanda: Vitenzi vyote vinaanza na oku-. Tukichapa kitabu, si vyote vitarundikana kwenye O?*
Swali zuri. Kwenye simu haisumbui, unaandika neno unalipata. Kwenye karatasi, panga kwa mzizi: *-lya*, na *okulya* (kula) pembeni yake. Lakini mtoto wa darasa la pili hajui mzizi ni nini, kwa hiyo nyuma ya kitabu wekeni orodha ya maneno kamili yanayomwelekeza ukurasa.

*Dada wa Idjwi: Na Kihavu chetu?*
Kina msimbo wake, hav, dada yangu. Kiingizwe kama lugha kamili, hata pale neno linapofanana na la Mashi. Tafuta wenzako wawili wa kisiwani, hatua ni zile zile.

*Mwalimu wa Walungu: Shule yetu haina intaneti, na mega ni ghali.*
Kiwix, programu ya bure ya simu na kompyuta, inasoma Wikamusi bila mtandao. Faili linapakuliwa mjini mara moja na kugawiwa kwa kadi ya kumbukumbu. Leksimu bado hazipatikani kwa urahisi huo, na huo ndio udhaifu wa njia niliyoipendekeza. Kwa hiyo mkimaliza mada moja, toeni orodha yake, mchape kurasa mbili tatu, mzibandike darasani. Mada ya soko ingekuwa ya kuanzia.