Kerrison butu inachana dura: jinsi ya kuitunza huku nyanda za juu

Wadau wa tieta (chumba cha upasuaji), hii inahusu Kerrison, ile koleo ndefu ya kung'ata mfupa kwenye oparesheni za mgongo. Leksell, koleo nene ya mfupa, ndo inaanza na mapande makubwa, drili inapunguza unene, halafu Kerrison inamalizia pembeni karibu kabisa na mishipa ya fahamu, ule wayo wake mwembamba unapita chini ya mfupa juu ya dura, yaani utando unaofunika uti wa mgongo. Sasa ikiwa butu haikati inavuta, na ikivuta huku imeshika utando ndo dura inachanika maji ya uti wa mgongo yanamwagika.

Zipo za milimita 1 mpaka 6, zinazochoka mapema ni zile zinazoombwa kila siku, kwa hiyo anza kukagua hizo.

Kila daktari aking'ata we safisha mdomo kwa gozi yenye maji steraili (yasiyo na vijidudu). Wengi wanaloweka kwenye salaini mpaka oparesheni iishe, acheni jamani, chumvi inakula chuma, na jiki ndo kabisaa. Ukimaliza ifungue kama ni ya kufunguka, vipande vya mfupa vinajificha kati ya zile fito mbili zinazotelezeana, piga brashi hapo mpaka maji yatoke masafi. Kausha, weka mafuta ya vyombo vya upasuaji yanayoyeyuka kwenye maji, sio oili ya cherehani maana mvuke haupenyi. Kisha ng'ata kadi ya manila, ikikata safi sawa, ikitafuna peleka ikanolewe.

Kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, sasa watu wa Mbeya tusikilizane. Vitabu vinasema geji ya presha isome 15 psi (kipimo cha presha) upate nyuzi 121, hiyo ni usawa wa bahari. Sisi tupo kama mita 1,700, maji yenyewe yanachemka kwenye 94 hivi, so geji ikisoma 15 hujafika 121, inabidi iende karibu 18, ila angalia kwanza mashine yako mwisho wake ngapi usije ukalipua jiko. Zile zinazosoma joto zenyewe hazina hiyo shida, hizi za gesi na mkaa za vituoni ndo zenye kesi. Dakika 30 kwa pakiti iliyofungwa, uanze kuhesabu joto likishafika sio ukiwasha moto! Na pakiti ikitoka imelowa rudisha, haijawa steraili hiyo hata kama ile tepu ya kuonyesha joto imebadilika rangi.