Gari la Dizeli Linalozima Likisimama: Tafuta Hewa Kabla ya Kulaumu Pampu

Shemeji yangu aliniletea hapa Nakuru Hilux yake ya zamani yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, ambayo ilikuwa ikitetemeka na kuzima kila alipoachilia ekseleta. Fundi mmoja alikuwa ameshamwambia kwamba pampu ya dizeli imekufa, na bei aliyomtajia ilitosha kununua ng'ombe wa maziwa. Maelezo haya ni ya injini za namna hiyo, zenye pampu isiyoongozwa na kompyuta. Dizeli za kisasa zina presha kubwa mno kwenye paipu zake, kwa hiyo usizifungue kwa kufuata mwongozo huu.

Hatua ya 1. Badilisha filta ya dizeli, mwaga maji yaliyojikusanya chini yake, kisha kagua filta ya hewa.

Hatua ya 2. Iache skurubu ya kurekebisha mzunguko wa injini kama ulivyoikuta. Ukiikaza, gari litaacha kuzima, lakini utakuwa umeuficha ugonjwa tu, na alfajiri moja kwenye baridi ya Mau Summit utajitokeza tena.

Hatua ya 3. Kata kipande cha mpira unaoonyesha ndani, kirefu kama kiganja, ukifunge kati ya filta na pampu kwa klipu za skurubu (zile za waya sizipendi hata kidogo, kwa sababu hulegea injini ikipata moto). Washa gari na utazame. Viputo vichache mwanzoni si neno, lakini vikiendelea kupita baada ya dakika kadhaa, mfumo unameza hewa.

Hatua ya 4. Tafuta hewa inakoingilia. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, kwa kuwa upande huu pampu inavuta, na tundu linaloingiza hewa huenda lisidondoshe hata tone moja la dizeli. Kwanza ning'iniza mtungi wa dizeli safi juu kidogo ya pampu, uuunganishe na pampu moja kwa moja bila kupitia tangi wala filta, na mpira wa marejeo (unaorudisha dizeli iliyozidi) uuelekeze kwenye mtungi huohuo. Injini ikitulia, pampu haina kosa. Kasoro iko kati ya tangi na mahali ulipounganisha. Isipotulia, nenda hatua ya 5.

Gari la shemeji lilitulia mara moja. Nikabadilisha mpira mmoja baada ya mwingine, nikashuku pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo kweli huchakaa, lakini viputo havikukoma. Jambo lililonipoteza zaidi ni kwamba tangi likijaa, tatizo lilipungua, na gari likilazwa pua ikitazama mlimani, asubuhi liliwaka kwa shida. Mwishowe nilifunga mdomo wa tangi kwa karatasi ya nailoni na kamba ya tyubu, nikasukuma hewa polepole kwa pampu ya baiskeli kupitia paipu ya marejeo. Usitumie kompresa, kwani tangi linaweza kupasuka. Baada ya dakika chache unyevu ukaonekana juu ya tangi, chini ya klipu iliyoliwa na kutu, mahali ambapo mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mpira mpya wa dizeli, wala si wa maji, ulimaliza kazi.

Hatua ya 5. Injini ikinguruma, legeza kwa spana namba 17 nati ya paipu ya nozo moja (nozo ndiyo inayonyunyizia dizeli kwenye silinda), uikaze, kisha uende kwenye inayofuata. Silinda ambayo ukiilegeza injini haibadiliki ndiyo mbovu. Weka mikono mbali, maana dizeli yenye presha hupenya ngozi. Nozo ya silinda hiyo ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuipimia. Nozo ikiwa nzima, pima mgandamizo wa silinda. Pampu ifunguliwe mwisho kabisa, hasa kwa gari lililozoea dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe na mafuta ya taa huzikwangua.

Hatua ya 6. Injini ikishapata moto, sasa gusa skurubu ya mzunguko. Nyingi za injini hizi hutulia kati ya mizunguko 700 na 800 kwa dakika, lakini fuata kitabu cha gari lako. Kisha ondoa ule mpira unaoonyesha ndani, kwa sababu dizeli na joto huukausha hadi ukapasuka, nawe utarudi hatua ya 3.