SOMO: Kuwasha jenereta ya haidrojeni bila kujiunguza

Wakuu, salaam. Tangu niweke ile picha ya jenereta isiyotoa moshi, kila nikifungua simu nakuta maswali yaleyale: inawashwaje, inakula nini, bei gani? Naandika mara moja tu. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa. Bei sitaji, sisi tunakodisha, hatuuzi.

Zamani nilikuwa nachomelea mageti mtaa wa Gerezani, Dar. Sasa niko Leeds, Uingereza, napeleka jenereta kwenye maeneo ya ujenzi. Wateja walianza kuulizia haidrojeni baada ya Aprili 2022, serikali ya huku ilipowazuia wajenzi kutumia dizeli nyekundu, ile ya kodi ndogo.

Mashine yenyewe ni ya kilowati 5. Ndani hamna pistoni wala plagi. Haidrojeni inapita upande mmoja wa utando mwembamba uliopakwa platinamu, hewa inapita upande wa pili, unapata umeme, joto na maji. Utando mmoja na pande zake mbili ndiyo seli. Seli moja ikibeba mzigo, yaani vifaa vinavyokula umeme, inatoa volti 0.6 au 0.7 tu, ndiyo maana zimepangwa nyingi kama sahani kabatini. Kelele unayoisikia ni ya feni.

Haya, hatua.

1. Weka mashine nje, juu pawe wazi. Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14, inapanda na kujikusanya chini ya paa.

2. Mdomo wa kuvutia hewa uwe mbali na jenereta ya dizeli ya jirani. Moshi wake unaichafua platinamu.

3. Mitungi isimame wima, ifungwe mnyororo.

4. Funga ethi, ule waya wa kwenda ardhini.

5. Funga regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha, kwenye mtungi. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoungua.

Sisi wachomeleaji tuna mazoea: kabla ya kufunga regyuleta kwenye mtungi wa oksijeni, unafungua valvu kidogo, fyuu, vumbi linatoka, unafunga. Mkono ulishazoea, hauulizi kichwa. Wiki yangu ya kwanza na haidrojeni nikafanya hivyohivyo. Nikasikia pah, kisha mluzi. Sikuona kitu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka (huku ni habari hiyo), na moto wa haidrojeni mchana karibu hauonekani kabisa. Nilijua kuna moto pale mkono wa koti langu la nailoni ulipoanza kujikunja kama karatasi ya peremende. Mzee niliyekuwa naye ndiye aliyefunga valvu. Kovu ninalo mpaka leo kwenye kifundo cha mkono.

Sababu ni hii: cheche inayotosha kuwasha haidrojeni ni ndogo karibu mara kumi kuliko inayowasha mvuke wa petroli. Chembe za kutu zikirushwa na gesi, au umeme wa nguo ya nailoni, vinatosha. Na inawaka ikiwa asilimia 4 ya hewa hadi asilimia 75, yaani karibu kila mchanganyiko utakaoukuta.

Kwa hiyo USIPULIZE mtungi wa haidrojeni. Mulika mdomo kwa tochi, futa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Nati yake inakazwa kwa kuzungusha kushoto, na huku ina mikato kwenye kona ili mkono uitambue hata gizani. Ikikataa, usilazimishe. Usiweke grisi. Usiweke tepu ya mabomba. Usichonge kiungo cha kuunganishia regyuleta ya oksijeni, hata kama fundi wako ni hodari kiasi gani.

6. Fungua mtungi taratibu, wewe ukiwa pembeni, halafu paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likivimba, funga gesi kwanza, toa presha, ndipo ukaze. Usisubiri harufu. Gesi hii haina harufu, wala haitiwi harufu kama ile ya jikoni, kwa sababu salfa ingeziua seli.

7. Washa, subiri taa ya kijani, weka mzigo kidogo kidogo.

8. Kuzima: bonyeza kitufe, iache ijikaushe mpaka feni inyamaze, ndipo ufunge mtungi. Ukiikata ghafla usiku wa barafu, maji yaliyobaki yanaganda ndani na utando unachanika.

Mafuta yake: mtungi wa chuma wa lita 50, wenye kilo 60 na ushee, uliojazwa kwa presha ya bar 200 una gramu kama 750 za haidrojeni, na unakupa yuniti 12 hivi za umeme. Lita moja ya dizeli kwenye jenereta ndogo inatoa kama yuniti 3. Piga hesabu mwenyewe nani anabeba mzigo mzito.

MASWALI

Mtoto wa Buguruni: Mkuu somo zuri. Bei yake ikoje?

Mwandishi: Aya ya kwanza.

Kifaru254: Hapa kwetu vitu vyaibwa sana. Naweza kuifungia kwa stoo halafu nitoe waya kupitia dirishani?

Mwandishi: Hatua ya 1. Tena hewa ya stoo ikiisha, mashine itazima na wewe utakuwa hoi. Jenga kizimba cha nondo, nje.

Bwana Umeme: Mbona mnahangaika na mitungi? Unaweka maji, umeme wa hiyohiyo jenereta unayapasua, unapata haidrojeni, inaendelea bila mwisho. Nimeona video.

Mwandishi: Kupata kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji unatumia yuniti 50 hadi 55. Kilo hiyohiyo ukiirudisha kuwa umeme unapata kama 16. Hiyo video imekata sehemu ya waya unaokwenda ukutani.

Bwana Umeme: Una wivu tu wa maendeleo.

Mwandishi: Sawa.

Nesi wa Ziwani: Kaka, shikamoo. Mimi niko zahanati moja mkoa wa Kigoma. Tuna jenereta ya dizeli kwa ajili ya friji la chanjo, inatusumbua sana. Hii ingetufaa? Na kama gesi inatengenezwa kiwandani, je, kweli ni safi?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali la pili ndilo ambalo watu hawaulizi. Haidrojeni nyingi duniani inatolewa kwenye gesi asilia, na kila kilo moja inaacha nyuma kilo 9 au 10 za kaboni dioksaidi. Mashine haina moshi, ila moshi umebaki kiwandani. Safi ni ile ya kupasua maji kwa umeme wa jua, upepo au mvuke wa ardhini. Kenya walizindua mkakati wao wa hiyo haidrojeni ya kijani mwaka 2023, lakini shabaha kubwa pale ni kutengeneza mbolea.

Kuhusu friji: tuseme linakula yuniti 2 kwa siku, mtungi mmoja ungekupeleka siku 6. Lakini mtungi wa chuma una kilo 60 na ushee, na lazima lori liulete na kuurudisha, nalo lori linakunywa dizeli. Halafu seli zinataka gesi ya usafi wa asilimia 99.97, siyo yoyote tu. Kwenu jua lipo. Ningekuwa wewe ningeomba sola na betri, au friji la chanjo la sola lisilotumia betri, linalogandisha barafu mchana ili lipite usiku. Dizeli ibaki ya dharura. Najinyima mteja, lakini ndiyo kweli.

Nesi wa Ziwani: Ahsante sana kaka. Nitawaonyesha wakubwa.

Juma Inveta: Kwa nini ndani kuna betri ya lithiamu, kama seli zinatoa umeme zenyewe?

Mwandishi: Swali la fundi hilo. Kompresa ya friji ikianza kuzunguka inavuta umeme mara tano au zaidi ya kawaida, kwa nusu sekunde. Seli haziwezi kuongeza hewa na gesi haraka kiasi hicho, zikilazimishwa zinaumia. Betri inabeba ule mshtuko, seli zinailipa polepole.

Mama Tatu: Hayo maji yanayotoka yananyweka?

Mwandishi: Kilo moja ya gesi inatoa lita 9. Mimi naoshea kioo cha gari. Yamepita kwenye mabomba na gundi, usinywe.

Kifaru254: Nasikia Mali wamechimba haidrojeni kama maji ya kisima?

Mwandishi: Kweli, kijiji cha Bourakébougou. Kisima kilichimbwa 1987 wakitafuta maji, ikatoka gesi badala yake, ikashika moto kwa sigara, wakakiziba. Baadaye kilifunguliwa tena, na kuanzia 2012 gesi hiyo ikawapa umeme. Ila wao waliichoma kwenye injini ya kawaida, siyo seli.

Juma Inveta: Turudi kwenye moto usioonekana. Ukishuku umewaka, unahakikishaje?

Mwandishi: Ufagio. Unautanguliza mbele polepole, ukishika moto, umejua ulipo. Usiuzime kwa maji wala poda gesi ikiwa bado inatoka, itajikusanya ilipuke. Funga valvu kwanza.

Mama Tatu: Ufagio wa chelewa Leeds unaupata wapi?

Mwandishi: Mama mkwe aliuficha kwenye begi, watu wa forodha wakauchukua. Wa kazini ni wa dukani, nyuzi zake ni za nyasi fupi, lakini unawaka vilevile.